Umbea wa Kumpelekea Mama

Wifi yangu Voahangy ndiye mfumaji wa hariri anayesifiwa kuliko wote kuanzia kwetu mpaka Ambositra, na msimu ule wa baridi alikuwa tayari kufanya kazi yoyote duniani isipokuwa kufuma. Sakafu ya ghorofani aliisugua kwa nta na kifuu cha nazi mpaka kaka yangu Naivo, ambaye ndiye mumewe, akateleza na sufuria ya wali mkononi. Alimtoa mbwa viroboto. Alipanga kuni kwa urefu, kesho yake akazipangua akazipanga kwa unene. Na kule chumbani kitanda cha kufumia kimekaa tu, nyuzi za mtande zimeshavutwa tangu mvua zilipokatika, hata kuku mmoja akaona hapa pametulia, akataga chini yake.

Mimi ni Lalao, dada mkubwa wa Naivo. Ni mjane, naishi nyumba ya pili kutoka kwao. Nasema mapema kwamba mdomo wangu hauna breki, asije mtu akashangaa mbele ya safari.

Kazi aliyokuwa anaikimbia ilikuwa sanda ya mama yetu. Mama Bakoly alikuwa amekaa kaburini miaka ya kutosha, na kwetu mtu haachwi mle akasahauliwa. Tunamtoa, tunamvika sanda mpya juu ya ile ya zamani, tunambeba mabegani tukicheza naye kwa tarumbeta, tunampa habari za nyumbani, kisha tunamrudisha akapumzike; huko ndiko kumgeuza marehemu. Mnajimu alishatupa siku, Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti, na siku ya mnajimu haisogezwi hata inyeshe mvua ya mawe. Kikao cha ukoo kikagawa kazi: Naivo nguruwe, mimi mchele, Voahangy sanda. Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye. Mama ndiye aliyemfundisha kufuma, alipoletwa kwetu bibi harusi asiyejua hata kusokota uzi, na siku ya mazishi Voahangy alisema mbele ya watu wote kwamba Mama akigeuzwa atavaa kazi ya mkono wake.

Kilichonipandisha presha zaidi ni binamu yetu Hanitra. Huyu anaishi mjini Antananarivo, ana gari na ana maoni. Alipiga simu kusema tusijisumbue, atakuja na sanda ya dukani, ile ya nailoni inayong'aa, yenye maua, kama ya wifi haitakuwa tayari tutamvika Mama hiyo. Sasa Mama na nailoni walikuwa maadui. Akikuona umevaa blauzi ya nailoni kanisani anakuuliza kwa sauti kama hujiwashi. Nikawaza Mama atalala miaka mingine mle ndani amefungwa kitu kinachomwasha, kijiji kizima kinatazama, na mkwe wake mfumaji amesimama pembeni mikono mitupu. Roho iliniuma.

Basi nikamganda. Asubuhi nikienda kuchota maji napitia dirishani kwake.

"Wifi, sanda."

"Nimalizie kunywa maji ya ukoko wa wali kwanza."

Mchana narudi. "Wifi, sanda."

"Jua likipungua. Nyuzi zinakauka zinakatika."

Jioni narudi tena. "Wifi, jua limepungua."

"Na mwanga umepungua nao. Unataka nifume kwa kupapasa?"

"Voahangy, huu ni wajibu wako. Uliahidi mbele ya watu."

"Najua ni wajibu."

"Lazima uifanye."

"Najua ni lazima," akasema, na wala hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Ila kila ukisema hilo neno mikono inakuwa mizito kama nimebeba matofali. Niletee neno lingine, wifi."

"Neno gani?"

"Ningelijua ningekuwa nimeshafuma."

Neno lingine sikuwa nalo. Nilimletea aibu, nikamwambia wanawake wa kanisani wanavyomsema. Akaniambia hata yeye anawasema. Nilimletea machozi, nikakaa kizingitini kwake nikalia kabisa. Akanipa kitambaa, akaenda kupalilia vitunguu. Naivo naye akajaribu kugoma kula mpaka mkewe aguse uzi. Mgomo ulidumu mpaka harufu ya nguruwe na kisamvu ilipompata ngazini.

Siku zikawa zinatukimbia. Nikaamua kumlinda. Nilichukua ufagio, nta, vifuu vya nazi, jembe la vitunguu, hata mbwa nikamfunga kwangu. Nikamkalisha Voahangy kwenye kitanda cha kufumia, nikamfunga mwenyewe kiunoni ule mkanda wa kukaza nyuzi, halafu mimi nikakaa karibu ya dirisha na kijiti changu cha kusokotea uzi. Hapo ndipo Mama alipokuwa anakaa. Mama anasokota, Voahangy anafuma, na wawili hao wanamchambua kila mtu wa kijiji mpaka mifupa. Ukipita chini barabarani unasikia vicheko, unajiuliza kama leo ni zamu yako.

Sasa palikuwa kimya. Voahangy ananyanyua kijiti cha kupitishia uzi, anakiweka.

"Baridi," anasema.

"Jiko la mkaa hilo hapo."

"Linatoa moshi."

Nikafungua dirisha. Akasema upepo unachezea nyuzi. Nikafunga. Tukakaa. Mimi kukaa kimya ni ugonjwa, kichwa kinauma kabisa, kwa hiyo nikaona bora niongee chochote.

"Hivi habari ya Tovo ulisikia?"

Tovo ndiye mpiga tarumbeta wetu.

"Ya meno?" akauliza.

"Kumbe ulisikia."

"Nilisikia nusu. Hebu niambie vizuri."

Nikamwambia. Kwenye harusi ya huko bondeni Tovo alivuta pumzi kuwapokea maharusi, akapuliza, na meno yake ya bandia, yale aliyoyatangaza mwaka mzima kwamba ni ya kutoka ng'ambo, yakapita kando ya tarumbeta yakatua miguuni mwa bibi harusi. Bata akayawahi. Wapambe wote wakamkimbiza bata na magauni yao wameyashika mkononi, na Tovo nyuma anapiga kelele ambazo bila meno hakuna aliyezielewa. Bata aliyaachia kwenye shamba la mpunga. Tovo akayasuuza, akayavaa, akaendelea na wimbo pale pale alipouacha.

Voahangy alicheka mpaka akaegemea ukuta. Na mimi nikiwa namwiga Tovo akiomba meno, nikaona mkono wake unapitisha uzi. Ukapita kulia, ukarudi kushoto, ule upanga wa mti wa kukazia uzi ukagonga. Wala hakuna aliyeuambia. Nikajifanya sioni.

"Mama angeipenda hii," akasema akijifuta macho. "Angeniambia nirudie mwanzo mpaka jioni."

"Si utamwambia siku hiyo."

"Nitamwambia saa ngapi? Tarumbeta zinalia, watu wameshalewa, kila mtu anakusukuma na yeye amshike kidogo. Tulipomgeuza Babu nilipata nafasi ya kusema hatujambo, wakanipora."

Hapo nikachoka. Nikamjibu kwa ukali, wala sikufikiri. "Basi mfumie. Si ndiyo kazi yako? Mfumie umbea wote humo ndani, akishalala atausoma taratibu, muda anao."

Akanitazama, akatazama nyuzi, akafungua mkanda kiunoni akatoka. Nikajua ndiyo hivyo, amerudi kwenye vitunguu. Nilikuwa naanza kuvaa viatu nimfuate aliporudi na kitita cha hariri ya njano aliyokuwa ameificha kwa ajili ya shali ya kuuza.

"Meno ya Tovo," akasema akijifunga mkanda. "Tuyaweke njano kama tarumbeta yake. Endelea. Na yule bata alikuwa wa nani?"

Sasa watu wa kwetu mnaijua sanda, ni ya rangi ya udongo mwekundu, na milia yake hupita kwa urefu. Lakini mlia wa urefu lazima uupange kabla hujaanza, ukishavuta nyuzi umeshavuta. Habari zenyewe zinakuja zikijisikia. Kwa hiyo Voahangy milia yake akaipitisha kwa upana, mmoja baada ya mwingine, kadiri habari zilivyofika. Vikongwe wa kanisani walipoona waliguna. Halafu wakauliza ule wa njano ni wa nini, wakaambiwa, wakacheka, na mmoja akasema yeye naye ana kitu Bakoly asingependa kukikosa.

Hapo ndipo hasa mambo yalipogeuka. Ukipita alfajiri unasikia upanga wa mti unagonga. Naivo akawa anajipikia mwenyewe, anajipikia vibaya, na anashukuru. Mbwa nikamrudisha, akarudi na viroboto vipya, hakuna aliyemjali. Yule mtu wa nikimaliza kunywa na jua likipungua, sasa mimi ndiye ninayemsihi.

"Wifi, shuka ule."

"Nipo kwa mwalimu wa kwaya. Nikimwacha hapa Mama hatalala."

Kitanda kile kile, mkono ule ule. Mwanzo alikuwa anafumia ukoo na macho ya watu. Sasa alikuwa anapiga soga na mama mkwe wake, na kwenye soga hakuna aliyewahi kumwona anachelewa.

Ghorofa ikajaa. Watu wanapanda ngazi na habari kama wanakwenda posta. Voahangy anasikiliza, anachagua, nyingine anazikataa. "Hiyo Mama alikuwa anaijua kabla hata ninyi hamjaifanya," anamwambia mtu, anamteremsha. Solofo fundi baiskeli alikuja na habari ya daraja kubomoka, akakaa kuliko habari yenyewe, na kila akimaliza sentensi ananitazama mimi. Alipoondoka Voahangy akapitisha nyuzi kama mara mbili tatu hivi ndipo akasema.

"Na wewe, wifi, huna chochote cha kumwambia Mama?"

"Sina."

"Naona baiskeli yako inaharibika sana siku hizi."

"Barabara mbaya."

"Haina hata mnyororo, wifi. Tangu enzi za marehemu mumeo."

Nikamwambia afume.

Aliyenishangaza ni Perline, jirani wa ng'ambo ya barabara. Perline na Mama hawakusalimiana kwa miaka. Mchi wetu wa kutwangia mpunga ulipotea, Mama akasema Perline kauiba, akasema sokoni, akasema kanisani, na akaingia kaburini hajayarudisha maneno yake. Halafu Naivo alipotengeneza paa, mchi tukaukuta darini kwetu, umelala na panya. Tulimwomba Perline radhi, akasema anataka kuisikia kwa Bakoly. Siku ile alipanda ngazi pole pole, magoti yanalia, mkononi ana kitita cha hariri ya kijani aliyoipika rangi mwenyewe.

"Nataka wangu," akasema, "na nautaka mpana. Aambiwe mchi ulikuwa darini kwake."

Voahangy akauchukua ule uzi kwa mikono miwili. "Mpana kiasi gani, mama?"

"Kama ulimi wake."

Wakacheka wote wawili, kisha Perline akakaa pale dirishani kwenye kiti cha Mama mpaka mlia wake ulipokwisha, na alipoondoka macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilikuwa na mafua siku hiyo, kwa hiyo macho yangu hayahusiki.

Jumatano ikafika. Kesho ndiyo siku. Ua umejaa masufuria na wageni, na Hanitra amefika na gari lake. Kapanda juu na ile nailoni ndani ya mfuko, anaipapasa kama mtoto mchanga. Sanda ya hariri huwa ni vipande viwili vinavyoshonwa pamoja. Kimoja kilishatoka, cha pili kilikuwa bado kwenye kitanda cha kufumia, na kimefika urefu wake tangu asubuhi. Kilichobaki ni kukata nyuzi tuanze kushona.

"Kata, wifi," nikasema.

"Bado kidogo."

"Kidogo ya nini?"

"Kuna ile ya mbuzi wa shemasi."

"Umeshamweka mbuzi wa shemasi."

"Ana mdogo wake."

Hanitra akakohoa, akafungua mfuko wake ule, ukalia kwa kuchakarika. Nikamtoa nje, nikafunga mlango. Voahangy alikuwa hafumi. Kijiti cha uzi kiko mapajani, mkono mmoja anapapasa ule mlia wa kijani wa Perline.

"Nikikata ndiyo imekwisha," akasema. "Tangu afe nilikuwa sijakaa hapa nikaongea naye. Nilikuwa nikitazama hiki kitanda naona kaburi tu, naona lazima, lazima. Sasa nimeongea naye wiki zote hizi, wifi, halafu unaniambia nikate."

Lazima zangu zote zikanikaa kooni. Wageni wako chini, mnajimu, nailoni mlangoni, ahadi mbele ya watu. Nilikuwa nazo zote, zimepangwa. Nikazimeza, na kumeza huko si mchezo kwa mtu kama mimi.

"Iko moja hujaiweka," nikasema. "Kubwa. Lakini ni ya mwisho. Ukishaiweka hiyo, unakata."

Akainua kichwa. "Ya nani?"

"Yangu."

Akashika kijiti cha uzi hata kabla sijasema.

"Solofo ameniposa," nikasema. "Na nimemkubalia. Mtu hajui, hata Naivo. Nilitaka Mama awe wa kwanza, nikaogopa kusema, umri huu watu watanicheka. Basi mwambie wewe."

Hakucheka. Macho yalimjaa, akanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya nyuzi. Halafu akainama chini ya kitanda, akatoa kitita cha hariri ya rangi ya waridi.

"Nimekitunza tangu mwezi uliopita," akasema. "Perline anakuona naye kila jioni kutokea dirishani kwake. Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Nikamsema Perline maneno ambayo hayaandikiki. "Basi uweke mwembamba," nikasema.

"Mwembamba ni wa mbuzi. Wewe kaa hapo dirishani uniambie alisemaje."

Nikamwambia alivyosema Solofo, kwa mdomo wangu mwenyewe, na yeye anafuma, na jua lilipofika ukutani akapitisha uzi wa mwisho, akagonga, akachukua kisu, akakata. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Tukashona vipande viwili, yeye upande huu, mimi upande ule, tukakutana katikati kabla chakula cha jioni hakijaiva.

Nailoni ya Hanitra haikupotea bure. Tulimvika marehemu mjomba wetu wa kaburi lile lile, aliyekuwa anapenda vitu vinavyong'aa, akapendeza sana.

Na Mama alivaa hariri. Alhamisi, baada ya wali na nguruwe wa mafuta, tulimtoa, tukamlaza mapajani mwetu, tukamvika. Kila mtu alikuwa anatafuta mlia wake, anamwonyesha mwenzake. Ule wa waridi haukuhitaji kutafutwa. Naivo akautazama, akanitazama, akamtazama Solofo aliyesimama nyuma ya watu na kofia kifuani, akasema, "Kumbe ndiyo maana baiskeli." Tulipomwinua mabegani Tovo akapiga tarumbeta, mkono mmoja umeshika taya. Perline akacheza pembeni kwa magoti yake yale, akaweka kiganja kwenye kijani.

"Soma hapo, Bakoly," akamwambia. "Halafu ulale."

Watu walisukumana kama kawaida yao, kila mtu amshike, kila mtu aseme. Voahangy peke yake hakumsukuma mtu. Alicheza nyuma kabisa, taratibu, uso umetulia, maana yeye alikuwa ameshasema yote.

Wiki iliyofuata nikapita kuchota maji, nikasikia kitu juu. Nikapanda. Kitanda cha kufumia kimevutwa nyuzi mpya, nyekundu ya udongo, na Voahangy kajifunga mkanda.

"Hii ya nani tena?" nikauliza. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni yako."

"Yangu? Voahangy, mimi nina harusi mwezi ujao."

"Najua, ndiyo mlia wa kwanza. Wewe habari zako ni nyingi, wifi. Nikingoja ufe nitakuwa nimeshasahau nusu."

Nikakaa kwenye kiti cha Mama. "Na hiyo haraka ya nini sasa? Msimu mzima nakufukuza, leo ndiyo umejifunza kuwahi?"

Akanitazama kidogo. Akafungua mkanda kiunoni, akaweka kijiti cha uzi juu ya nyuzi, akainuka akaenda kwenye kona akachukua kopo la nta na kifuu cha nazi.

"Haraka sina," akasema. "Hii yako nitaipiga danadana mpaka nizeeke, na bila sanda huna ruhusa ya kufa. Utanisema mpaka uchoke."

Akaweka mguu kwenye kifuu, akaanza kusugua sakafu ambayo ilikuwa inang'aa tayari. Nilimwona kwa macho yangu anakimbia kazi, na safari hii nikamwacha akimbie. Nikachukua kifuu cha pili, tukasugua.